Mgeni wa Tanurini

Imepokewa kwa watu wasemao kweli, na mjuzi wa yaliyositirika ni Mola peke yake, kwamba katika nyumba ya wakili mmoja wa utetezi palianza jambo dogo ambalo mwenye haraka asingelitambua: maji ya kunywa yalikuwa ya moto. Hayakuwa yamechemshwa, wala mtungi haukuachwa juani. Ulikaa pembeni mwa ukumbi, kivulini, juu ya kigoda chake, kama ulivyokaa miaka yote. Lakini asubuhi ile mke wa wakili alipochota kata moja na kuipeleka mdomoni, aliirudisha upesi akaishika midomo yake.

"Nani ametia maji ya moto mtungini?"

Mdogo wake, msichana mcheshi aliyekuwa akiishi nao huku akisomea ukunga, alitumbukiza kidole, akakichomoa. "Dada, hii nyumba ya wakili. Hata maji yanashikwa na homa kwa kuogopa kesi."

Wakacheka, maji yakamwagwa, mtungi ukajazwa upya. Wakili hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni akifunga tai, na pua yake ilikwisha kunusa kitu ambacho wenzake hawajakinusa bado: harufu ya udongo uliochomwa, ile harufu kavu ya tofali linapotolewa motoni. Akajiambia kwamba kuna jirani anayejenga. Hapakuwa na jirani aliyekuwa akijenga.

Yafaa nieleze mapema kwa nini harufu ile ilimgusa moyo, kwa maana anayesimulia habari za majini bila kutaja habari za watu huwatisha wasikilizaji bure.

Mwaka uliotangulia, wakili alimtetea tajiri mmoja wa matofali aliyeshitakiwa kwa kumuua msichana aliyekuwa akiwapikia vibarua wake. Msichana alikuwa binti wa pekee wa fundi cherehani mmoja mjane, ambaye watu walimwita Bi Mkasi kwa sababu ya mkasi ulioning'inia shingoni mwake kwa utepe, asiouvua hata siku za kwenda mahakamani, askari wa mlangoni wakawa wanamnyang'anya asubuhi na kumrudishia jioni. Binti alitoka kazini jioni moja asifike nyumbani. Alitafutwa kila mahali, na mwili wake haukuonekana.

Kabla ya kesi kuanza, katika chumba cha mahabusu chenye meza iliyopigiliwa sakafuni, tajiri yule aliinama akamwuliza wakili, "Nikikwambia jambo, litatoka humu?"

"Halitatoka," wakili akajibu, kama alivyowajibu wote.

Akaambiwa. Aliambiwa yote, mpaka mahali: tanuri kuukuu lililoachwa nyuma ya machimbo ya udongo, ambalo mdomo wake ulizibwa kwa matofali mabichi siku ileile.

Wasioijua kazi hii huuliza, na wana haki ya kuuliza, mtu anawezaje kumtetea amjuaye kuwa ametenda. Jibu lipo, na si jibu la kuonea haya. Mshitakiwa asiye na wa kumwambia ukweli hana mtetezi, ana mpambe tu. Wakili yule alikwisha kuwaokoa watu wasio na hatia yoyote, waliokuwa tayari kunyongwa kuliko kutaja walikolala usiku wa tukio, na wakamtajia yeye kwa sababu waliamini kifua chake. Mlango anaopitia mwema ndio huohuo anaopitia mwovu, na mlango haukufundishwa kusoma nyuso. Basi aliuchunga. Hakumpandisha mteja wake kizimbani akaseme uongo, wala ulimi wake mwenyewe haukutamka uongo. Alisimama tu mbele ya jaji akasema, "Mheshimiwa, upande wa mashtaka haujathibitisha kwamba binti huyu amefariki." Maneno yale yalipimwa kama dhahabu kwenye mizani ya sonara, na hayakuzidi wala kupungua. Tajiri akaachiwa huru.

Lakini katika benchi la nyuma mama mmoja aliyasikia vingine. Bi Mkasi alimkimbilia wakili ukumbini, akamshika mkono wa joho lake, akaubusu.

"Baba, Mungu akupe umri. Watu wote wamesema mwanangu amekufa. Wewe peke yako umesema hajafa."

Wakili alifungua kinywa amsahihishe. Akakumbuka kwamba kila sahihisho lina mlango wa nyuma, na kwamba mtu akianza kueleza asichokisema huishia kueleza anachokijua. Akakifunga. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na ni kosa la wanaopima maneno: hupima lililotoka, wasipime lililoingia katika sikio la mwenziwe.

Tangu siku ile Bi Mkasi akawa mgeni wa nyumba yao kila Ijumaa alasiri. Hakuja kudai kitu. Alikuja kuketi na watu waliokubaliana naye kwamba mwanawe yu hai. Mke wa wakili, ambaye Mola hakumjalia mtoto, alimpokea kama ndugu. Wakaanza kumshonea binti gauni la kurudia. Walilumbana juu ya vifungo, walilumbana juu ya ukosi, na siku moja wakili alipita karibu yao akawasikia.

"Sijui atakuwa amekonda au amenenepa," Bi Mkasi alisema, uzi mdomoni.

"Shona lenye nafasi, dada. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza."

"Na akirudi na mimba je?"

"Basi tutaongeza na tutamchapa, halafu tutamlea mjukuu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakili aliingia chumbani mwake, akaketi kitandani, akaziba masikio kwa mito.

Baada ya maji yakaja mavumbi. Mke aliamka na vumbi jekundu juu ya mto wake, jembamba kama unga, likiwa limechora umbo la kichwa kingine kando ya kichwa chake. Alilikung'uta, kesho yake likarudi. Kisha zikaja sauti, nazo hazikungoja giza kama zifanyavyo sauti za hadithi. Zilikuja mchana mweupe, saa ile jua linaposimama utosini na vivuli vinapojificha chini ya miguu ya wenyewe. Tak. Kimya. Tak. Ilikuwa sauti ya tofali linalowekwa juu ya tofali, taratibu, na mtu asiye na wasiwasi, ndani ya ukuta wa chumba cha kulala.

"Shemeji," mdogo mtu alinong'ona siku hiyo, akiwa ametoka chumbani kwa dadake bila viatu, "njoo umguse dada. Njoo tu. Usiniulize."

Wakili alimgusa mkewe kwenye paji la uso, akauondoa mkono kwa uchungu. Walimpeleka hospitali. Madaktari walimtoa damu, wakampiga picha za kifua, wakamtundikia maji, wakasema hawaoni ugonjwa. Akarudishwa nyumbani anawaka vilevile, na pumzi yake ikawa inakausha maua yaliyowekwa kando ya kitanda.

Siku iliyofuata, adhuhuri, wakili alikuwa peke yake na mgonjwa, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, akiyatazama mapazia yasiyotikisika, na ile tak, tak ya ukutani ilipokoma alidhani amepata nafuu, akashusha pumzi, na pumzi ile ilikuwa haijakwisha kutoka aliposikia harufu ya tanuri ikimzunguka shingoni kama kitambaa, na joto likipanda kutoka sakafuni kupitia nyayo zake mpaka magotini, na akajua, kabla ya kugeuka, kabla ya kuruhusu shingo yake igeuke, kwamba mkewe ameketi kitako juu ya kitanda na anamtazama kwa macho ambayo si yake.

"Mtetezi," ilisema sauti. Haikuwa nene wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu mzima mwenye adabu, aliyengoja sana barazani.

Wakili aligeuka. "Wewe nani?"

"Mwenye nyumba. Nyumba yangu ilikuwa na moto, moto ukazimika, watu wakaondoka, nikakaa kwa amani miaka ambayo babu yako hakuihesabu. Mtu wako akaniletea mgeni asiyeoshwa, asiyeswaliwa, akanizibia mlango. Mgeni analia. Anamwita mama yake. Sisi tuliumbwa kwa moto usio na moshi, hatukufunzwa lugha ya kumbembeleza mtoto wa udongo. Mtoeni."

"Mke wangu hana kosa. Toka kwake."

"Nilikuja kwako kwanza. Nikakuta umefungwa kwa kiapo cha kazi yako, na kiapo kina jina la Mola juu yake, nami siuvunji mlango wenye jina hilo. Nikaizunguka nyumba. Nikamkuta huyu, anampenda mgeni wangu bila kumwona, moyo wake wazi kama ua lisilo na komeo."

Wakili akapiga magoti. Aliyekuwa akiwainamia majaji kwa shingo tu, leo aliinama kwa magoti. "Nifanye nini?"

"Sema alipo. Umwambie mwenye haki naye. Hutakuwa umefumba mdomo, nami nitakuwa nimetoka."

Macho yakafumbika. Mke akaanguka juu ya mto, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Hapo wakili alifanya ambalo mtu wa kazi yake hulifanya. Siri si mali ya wakili, ni mali ya mteja, na mwenye mali anaweza kuifungua. Akaenda kwa tajiri wa matofali. Alimkuta amesimama kati ya marundo mapya, anakagua, anagonga tofali kwa tofali na kusikiliza mlio.

"Nipe ruhusa nimwambie mtu mmoja," wakili alisema. "Mama yake tu. Umekwisha kuachiwa, sheria haikushitaki mara ya pili kwa kosa lilelile."

"Sheria hainishitaki. Watu je? Unaona mikono ya vibarua hawa? Wengine walikula chakula chake." Tajiri aliweka tofali chini kwa upole. "Wewe ni kaburi langu, wakili. Umeona wapi kaburi likapiga chafya?"

"Mke wangu anaungua."

"Pole sana. Mpeleke hospitali."

"Nimempeleka. Nakuomba. Sijawahi kumwomba mteja."

Uso wa tajiri haukuwa wa mzaha tena. "Siku ile mahabusu nilitaka kujinyonga. Nilikuamini wewe wakati simwamini hata mama aliyenizaa, kwa sababu ulisema halitatoka. Ulikuwa muungwana, au ulinidanganya ili nikupe kazi?"

Mwovu yule, katika hilo, alikuwa amesema haki. Wakili akaondoka na vumbi jekundu kwenye viatu.

Mdogo mtu ndiye aliyekwenda kumleta Mwalimu, mzee aliyefundisha watoto asubuhi na kusomea wagonjwa alasiri, asiyepokea kitu ila dua. Alikaa na mgonjwa muda mrefu, mlango umefungwa. Wao nje walisikia kisomo, kisha kimya, kisha sauti mbili zikiongea polepole, kama wazee wawili wanaozungumzia mpaka wa shamba. Alipotoka, jasho lilikuwa limemlowanisha kanzu, akamwita wakili kibarazani peke yake.

"Mwalimu, mfukuze," wakili alisema. "Msomee kisomo kikali. Mchome."

"Utamchomaje wa moto?" Mzee aliketi. "Naweza kumtoa leo akarudi kesho. Aliyekuja kwa dhuluma hufukuzwa. Huyu amekuja kwa shauri, na mlalamikaji mwenye haki harudi nyuma kwa fimbo. Wewe mtu wa mahakama ungelijua hili kuliko mimi."

"Amekwambia anachotaka?"

"Ameniambia anachotaka. Mahali hakunitajia, amesema hapanihusu. Nami sikuulizi unajua nini. Wagonjwa wamenisimulia mambo ambayo nitazikwa nayo, kwa hiyo nausikia uzito wako." "Wazee wetu wa elimu walitufundisha kuwa siri ni amana. Wakatufundisha pia kuwa ushahidi haufichwi. Hawakutufundisha, siku hayo mawili yakikutana mlangoni, lipi limpishe mwenzake. Kila mtu ameachiwa mlango wake."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Ipo, na siipendi. Aseme mwenyewe kwa ulimi wa mkeo, mbele ya yule mama. Lakini ulimi wa udongo haukuumbwa kubeba maneno ya moto. Mkeo ataungua. Atapona, Mola akipenda, lakini ataungua. Na atasikia yote."

"Atasikia? Si hajitambui?"

"Nani kakwambia hajitambui? Yuko chumba cha pili, mwanangu. Anasikia kila kitu. Amekusikia hata ulipopiga magoti." Mzee aliinuka kwa kuegemea ukuta. "Maneno machache kutoka kwako, naye ananyanyuka sasa hivi akaoge. Mimi nimekuonyesha. Kuchagua si kazi yangu."

Wakili alikesha akichagua. Aliwaona wale aliowaokoa wamepanga mstari, na wale wasiozaliwa bado, watakaoketi kwenye meza iliyopigiliwa sakafuni na kuuliza, litatoka? Aliwaza kuwa wakili aliyesema mara moja, hata kwa jambo jema, amekwisha kuwafunga midomo wote watakaomfuata. Kisha akageuka akamwona mkewe, nywele zake zimekauka kama nyuzi za katani, na yote aliyoyawaza yakawa majivu. Kisha akageuka tena.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa.

Alasiri, mgonjwa aliketi tena kitako, macho yale yakafunguka, na kutoka ukumbini wakasikia hodi ya Bi Mkasi. Mdogo mtu alimtazama shemeji yake. "Nimwambie aende zake? Nimwambie dada hajambo kidogo lakini amelala?"

Wakili angeweza kusema ndiyo. Angeweza kutoka mpaka mlangoni, akaushika mkono wa mama yule, akamwambia yeye mwenyewe. Alienda mpaka mlangoni, akaufungua, na akasogea kando. Akajiambia kwamba kufungua mlango si kusema.

"Karibu," alisema. "Yuko chumbani."

Bi Mkasi aliingia na gauni mkononi, limekunjwa vizuri, amekuja kumwonyesha mgonjwa vifungo. Alisimama kizingitini, joto likampiga usoni, akamwona aliyekaa kitandani. Wala hakukimbia. Mjane aliyezoea kungoja hakimbii upesi.

"Mama," sauti ilisema, "mwanao yuko kwangu."

Gauni likadondoka. Wakili aliyasikia yote akiwa amesimama nyuma yake, na hakuna aliyemshika, na miguu yake ilikuwa mizima, na kila neno lililotoka katika kinywa cha mkewe lilitoka na mvuke, na ngozi ya midomo ikapasuka na kupasuka tena, na machozi yakawa yanateremka kutoka macho yale mageni kwa sababu mwenye macho, aliye chumba cha pili, alikuwa akilia, na mdogo mtu amejikunja pembeni anauma kanga yake ili asipige yowe, na yeye wakili akawa anahesabu moyoni kama mtoto, bado kidogo, bado kidogo, naweza kusema sasa, bado kidogo.

"Amekufa?" Bi Mkasi aliuliza. Alikuwa akinong'ona kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Tangu jioni ileile."

Mama akashika ukingo wa kitanda. Na aliloliuliza baada ya hapo, waliokuwapo hawakulisahau mpaka walipoingia makaburini mwao.

"Anapata baridi?"

"Kwangu hakuna baridi," mwenye nyumba alijibu, na sauti yake ililainika. "Lakini ni giza, na analiogopa. Njooni mumchukue."

Akataja mahali: machimbo, nyuma yake tanuri kuukuu, mdomo uliozibwa. Lilipotoka neno la mwisho, mke wa wakili aliinama, akatema damu nyeusi kidogo juu ya shuka, akaanguka, na joto likaondoka chumbani mara moja, kama mtu aliyetoka na kuufunga mlango nyuma yake.

Bi Mkasi aligeuka. Alimtazama wakili kwa yale macho yaliyokuwa yakimtazama kila Ijumaa kama macho ya mtu anayeitazama kibla.

"Baba, haya ni kweli?"

Wakili alisimama.

"Sema tu si kweli. Sema ni maruweruwe ya homa, nirudi nyumbani nikangoje."

Hakusema.

"Asiyejua angesema sijui," Bi Mkasi alisema polepole. Aliinama, akaliokota gauni, akalikung'uta vumbi. "Mwaka mzima. Mwaka mzima nimekula chakula chenu."

Walimkuta binti tanurini kama ilivyosemwa. Kilioshwa kilichoweza kuoshwa, akaswaliwa, akazikwa na umati wa watu, nao vibarua wa matofali waliacha kazi wakaja kuchimba kaburi wenyewe. Wakili alisimama mbali, chini ya ukuta. Siku chache baadaye simu yake ililia.

"Nimehama, usinitafute," sauti ya tajiri ilisema. "Nimesikia amepatikana. Na nimeuliza kila mtu, wamenihakikishia si wewe uliyesema. Ahsante, wakili. Wewe ni mtu wa neno lako."

Katika maisha yake yote alikwisha kutukanwa mahakamani, barabarani, hata kutemewa mate na ndugu za marehemu. Hakuna tusi lililomwingia kama shukrani ile.

Mke alipona. Ulimi ulikuwa na malengelenge, mdogo wake akamnywesha uji kwa kijiko, akamchekesha kwa hadithi za wajawazito wanaowatukana waume zao wakati wa uchungu. Ngozi ikarudi, sauti ikarudi, imekwaruza kidogo. Jioni moja, alipoweza kuketi mwenyewe, alimwita mumewe. Wakili alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikuwa nasikia," mkewe alisema. "Nataka nikuulize mara moja tu. Tulipokuwa tunashona lile gauni. Ulikuwa unajua?"

Wakili alimtazama. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kila mtu sasa alijua. Hata watoto barabarani walijua. Lakini sheria ya kazi yake haisemi kwamba siri huisha watu wanapoijua, na mtu aliyelinda ukuta mpaka ukamla mkewe hawezi kukiri kwamba angeweza kuubomoa.

"Siwezi kusema," alijibu. "Hata kwako. Nisamehe, mke wangu. Siwezi."

Mkewe alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea hukumu na hana nia ya kukata rufaa. Akageukia ukuta.

Tangu hapo hakumsemesha. Mwanzoni wakili alidhani ni uchovu, kisha akadhani ni koo. Alimwita kwa jina, alimwita kwa majina ya uchumba, alilia mbele yake. Mke alimpakulia chakula, alimpigia pasi joho lake, alimfunika shuka lilipomwanguka, na akimtazama, midomo ikawa imetulia kama maji ya kisima. Hofu ya kale ikamrudia. Akasema moyoni: hakutoka, yumo bado, amemfunga ulimi. Akamtuma shemeji yake akamlete Mwalimu.

Mzee alikuja, akaingia, akasoma, akaweka kiganja kwenye paji la uso, akasikiliza. Hakukawia. Alitoka akaketi kwenye ngazi kuvaa viatu vyake.

"Amesema nini?" wakili aliuliza kwa kunong'ona. "Bado anamtaka mgeni wake?"

"Nani?"

"Jini."

"Humo hamna jini. Yule alitoka Ijumaa ileile, wala hana haja ya kurudi. Nyumba yake ni safi sasa."

"Basi nani anayemziba mdomo?"

Mwalimu alifunga kamba ya kiatu kimoja, kisha cha pili, bila kuinua uso. "Mwanangu, anayenyamaza humo ndani ni mkeo. Nami sina kisomo cha kumtoa mtu katika nafsi yake mwenyewe."

Akaenda zake. Na kutoka ndani, nyuma ya pazia, wakili akaisikia sauti ya mkewe, ile iliyokwaruza, ikimwuliza mdogo wake kama ameshiba, ikimtania, ikicheka kicheko kifupi. Akasimama kizingitini akiisikiliza, mkono juu ya pazia, wala hakuthubutu kulifungua, kwa maana alijua akiingia itakatika.